Kila Mfuko ni Mtu: Nilivyojifunza Kuhutubia Ukubwani

Kila mmoja wetu ana jambo alilojifunza ukubwani akiwa huku ughaibuni. Wapo waliojifunza kuendesha gari kwenye barafu, na wapo waliojifunza kupika wali kwa jiko la umeme bila kuunguza ukoko. Mimi nilijifunza kusimama mbele ya watu na kuwaeleza jambo wakalielewa. Msicheke. Kuna tofauti kubwa kati ya kusema na kueleza, na mimi nilichelewa kuijua.

Nilipokuwa sekondari Tanga nilikuwa bingwa wa midahalo. Tukipewa mada asubuhi, jioni niko jukwaani nimevaa tai ya kuazima, nawararua wapinzani. Kwa hiyo miaka mingi baadaye, dada yangu mkubwa aliponiomba niseme maneno machache kwenye sherehe yetu ya Desemba hapa Birmingham, sikuona tatizo. Sherehe yenyewe mnaijua. Tunaunganisha Uhuru wa Tanganyika, tarehe 9, na Jamhuri ya Kenya, tarehe 12, tunakodi ukumbi Sparkbrook, na Wakongo na Waganda nao hawakosi. Mwaka huo ulikuwa 2022.

Dada hakuniomba niseme juu ya uhuru. Aliniomba niseme juu ya damu. Mwanawe, yaani mpwa wangu, ana ugonjwa wa selimundu. Alizaliwa Tanga, na miaka yake ya mwanzo ilikuwa ya vilio vya usiku ambavyo kila jirani alikuwa na jina lake: mchango, baridi ya mifupa, jicho la watu. Alipofika hapa akiwa na miaka minne ndipo ugonjwa ukapata jina la kweli. Siku hizi kila baada ya wiki kadhaa huenda hospitali, akaunganishwa na mashine inayotoa damu yake na kumwekea ya watu wengine. Dada alikuwa ameambiwa na wauguzi kwamba damu inayomfaa zaidi mtoto wake hutoka kwa watu wenye asili kama yake, na kwamba watu hao hawajitokezi vya kutosha. "Mdogo wangu," akaniambia, "wewe msomi. Wakikusikia wewe watakwenda."

Basi nikajitayarisha, au nilidhani nimejitayarisha. Mimi kazi yangu ni uhasibu, na mhasibu akiona jambo hulitafutia tarakimu. Nilitengeneza slaidi thelathini na moja. Nilianza kwa kumsalimia mwenyekiti, makamu wake, mweka hazina, wazee, wageni kutoka Coventry na Leicester, kina mama wa jikoni, halafu nikasema itifaki imezingatiwa, na hapo dakika saba zimekwisha. Nikaingia kwenye slaidi. Nilichanganya Kiswahili na Kiingereza hadi mwenyewe nikapotea. Harufu ya pilau ilikuwa inaingia ukumbini kutoka jikoni, watoto wanakimbizana, na kila nilipogeuka kuitazama slaidi ukutani nilisikia viti vikisogezwa nyuma yangu. Nilizungumza dakika arobaini.

Nilipouliza kama kuna maswali, mama mmoja mtu mzima aliyekaa mbele akanyoosha mkono. Nikampa shikamoo yake, akaitikia, akauliza: "Mwanangu, sisi tuliougua malaria utotoni, damu yetu inachukuliwa?" Sikujua. Katika slaidi thelathini na moja hapakuwa na neno malaria. Nikasema nadhani inachukuliwa. Akatikisa kichwa taratibu, kisha akauliza la pili bila ubaya wowote: "Na wewe mwenyewe umetoa lini mara ya mwisho?"

Ndugu zangu, nilikuwa sijawahi kutoa hata tone moja.

Ukumbi haukucheka, na ingekuwa afadhali ungecheka. Mwenyekiti alinishukuru, pilau likaletwa. Karatasi ya kuandika majina niliyoiweka mlangoni ilirudi tupu, isipokuwa mtoto mmoja alikuwa amechora gari. Tukiwa ndani ya basi namba 50 kurudi Kings Heath, dada alitazama nje dirishani njia nzima. Mpwa wangu, wakati huo ana miaka kumi na mitatu, ndiye aliyesema: "Mjomba, ulikuwa unawasomea ukuta."

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa Bi. Mwalimu. Ndivyo tunavyomwita hapa mtaani; alifundisha miaka mingi Zanzibar na baadaye akafundisha huku, sasa amestaafu na kazi yake ni bustani ya mchicha nyuma ya nyumba. Nilimweleza yote. Hakunipa pole. Aliniuliza: "Mtu aliyekusikiliza siku ile akifika nyumbani, mumewe akimuuliza kasema nini yule kijana, atajibu nini?" Nikajaribu kujibu nikaona nahitaji sentensi nne. "Basi hukusema kitu," akasema. "Tafuta sentensi moja ya kupita nayo mlangoni. Ukiipata, njoo."

Sentensi hiyo ilinichukua miezi. Mwanzo niliitafuta mezani, kumbe haikuwa mezani. Nilijua kwamba kabla ya kitu chochote lazima nijibu swali la yule mama, kwa maneno na kwa mkono wangu. Januari 2023 nikaweka miadi kwenye kituo cha kutolea damu kilichopo mtaa wa New Street, katikati ya mji. Muuguzi aliniuliza nilizaliwa wapi, nimewahi kuugua malaria, na mara ya mwisho nilikwenda nyumbani lini. Nikamwambia nilirudi kutoka Tanga mwishoni mwa Oktoba. Akatabasamu, akaniambia nirudi Machi. Mtu aliyetembelea nchi yenye malaria husubiri angalau miezi minne baada ya kurudi, na sisi tuliokulia huko damu yetu hupimwa malaria kwanza. Mtu hafukuzwi, ila hupimwa, na kipimo ndicho kinachoamua. Nilitoka pale bila kutoa damu, lakini nilikuwa na jibu la yule mama, na nilikuwa nimelipata kwa miguu yangu.

Nikiwa nashuka na mtaa ule nilipita mbele ya hoteli ya Burlington. Zamani iliitwa Midland Hotel, na humo ndani, tarehe 20 Aprili 1968, Enoch Powell alitoa hotuba ambayo hadi leo Waingereza huiita ya Mito ya Damu. Wazee wetu wa Kihindi waliotoka Nairobi na Mombasa wanaikumbuka vizuri, kwa sababu wiki chache kabla yake, Machi 1968, bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuwafungia mlango Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza. Ile ilikuwa hotuba iliyotayarishwa kwa ustadi mkubwa. Aliijua hadhira yake, alichagua visa, alipanga maneno. Ila kisa chake kikubwa kilikuwa cha barua juu ya bibi mmoja wa Wolverhampton, na waandishi wa habari waliomtafuta bibi huyo wakati ule hawakumpata. Siku iliyofuata Edward Heath alimwondoa kwenye uongozi wa chama bungeni, lakini maneno yalikwishatoka, na watu wenye rangi kama yetu waliyabeba mitaani miaka mingi.

Nilisimama pale kidogo. Kinywa ni jumba la maneno, walisema wahenga. Nikajiambia kwamba mimi sitasimulia kisa nisichoweza kukionyesha, na sitamtia mtu hofu ili anisikilize. Mtu akitoka ukumbini akiwa amechemka tu bila kujua kitu kipya, mimi nitakuwa nimemchezea.

Machi nikarudi, na safari hii wakanikubali. Walinichoma kidole kupima wekundu wa damu, nikapewa maji mengi ya kunywa, nikalala kwenye kiti. Hutoa mililita 470, na kwangu haikufika dakika kumi na tano. Kisha ukakaa, ukanywa juisi na kula biskuti, mzee wa kujitolea anakuuliza habari za mpira. Mwanamume hurudi baada ya wiki 12, mwanamke baada ya wiki 16. Nikiwa kwenye kile kiti nilikuwa nautazama mfuko ukijaa na kujitikisa polepole, na nikakumbuka dada aliwahi kuniambia kwamba kubadilishiwa damu mara moja kunaweza kula hadi mifuko kumi. Mifuko kumi. Nikajiuliza: kwani mfuko mmoja unatoka kwa watu wangapi? Kwa mmoja tu. Kumbe mpwa wangu akilala pale hospitali, pembeni yake wamesimama watu kumi asiowajua.

Nikampigia simu Bi. Mwalimu palepale. "Nimeipata," nikamwambia. "Kila mfuko ni mtu." Akanyamaza kidogo. "Hiyo inapita mlangoni," akasema. "Njoo Jumamosi."

Jumamosi hiyo na nyingine nyingi alinifundisha mambo ambayo nawaletea hapa, maana naamini yatamfaa yeyote anayeombwa kueleza jambo msikitini, kanisani, kwenye chama au kwenye harusi.

Kwanza alinifanya niwahesabu wasikilizaji wangu kwa majina. Nani atakuwepo? Watanzania husema selimundu. Wakenya wengi husema siko seli. Wakongo kutoka Bukavu na Lubumbashi husema mtoto ni SS, na ukiwaambia selimundu watadhani ni chombo cha shamba, na kwa kweli hawatakosea sana. Nilikuwa nimezungumza dakika arobaini juu ya ugonjwa ambao theluthi ya ukumbi wanaujua kwa jina jingine. Wapo waliouguza ugonjwa huo na kuzika, na hawakujua kama nazungumzia msiba wao.

Pili alinikumbusha kwamba sikio lina vyumba vitatu. Alinipa mfano wa hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, pale Dar es Salaam, baada ya majeshi ya Idi Amin kuingia Kagera. Hata mtu ambaye hakuwa amezaliwa anaweza kukutajia nguzo zake: uwezo, sababu na nia. "Mwalimu alikuwa na mambo mengi ya kusema siku ile," akasema, "akayapanga yakawa matatu. Wewe una vita gani vya kukupa slaidi thelathini na moja?" Tukapanga matatu yetu: ugonjwa ni nini, kwa nini damu yetu, na mtu afanye nini kesho asubuhi.

Tatu aliniondolea tarakimu. Hili liliniuma. Aliniruhusu tatu tu, na kila moja lazima iwe na mfano wa kushikika. Chembe nyekundu ya damu ya kawaida huishi siku zipatazo 120, karibu miezi minne. Iliyogeuka mundu huishi wiki mbili tatu tu. Nchini Uingereza wapo zaidi ya watu 15,000 wenye ugonjwa huu. Na kuna aina ya damu iitwayo Ro, ambayo hutumika sana kwa wagonjwa hawa: kwa watu weusi zaidi ya nusu wanayo, kwa Wazungu ni wachache sana, kama wawili au watatu katika mia. Penye miti hapana wajenzi, akasema Bi. Mwalimu, na hapo ndipo nilipoielewa methali hiyo.

Nne, nisimalize siku bila kuisema hotuba yangu kwa sauti, nimesimama, saa iko mezani. Maneno yaliyo kichwani ni mafupi, yakitoka mdomoni hurefuka. Mara ya kwanza ilikuwa dakika ishirini na sita, mwisho ikawa kumi na mbili. Niliisema jikoni, nikaisema bustanini kwake, nikainong'ona ghorofa ya juu ya basi hadi abiria mmoja akahama kiti.

Tano, na hili hakunifundisha Bi. Mwalimu, alinifundisha mpwa wangu. Nilitaka kuanza hotuba kwa habari zake, nikaenda kumwomba ruhusa. Nilikuwa nimeandika namna anavyolia usiku, namna mama yake anavyomkanda miguu. Akasoma karatasi yangu yote, akachukua kalamu, akafuta. "Mjomba, usinifanye maskini," akasema. "Usiwalize watu. Waambie nasoma, nacheza netiboli, na nikikosa damu sichezi. Basi." Nilimtazama nikaona aibu. Nilikuwa nimejiapia pale New Street nisimtie mtu hofu, na hapa nilikuwa nataka kuuza machozi ya mtoto. Hotuba ya kuelimisha haiombi sadaka. Inampa mtu habari aliyostahili kuwa nayo siku zote, halafu inamwacha aamue kwa heshima yake.

Desemba 2023 nikasimama tena, ukumbi uleule. Sikuwa na slaidi. Nilisalimu kwa sentensi moja. Mkononi nilikuwa na vitu viwili: andazi bapa lililobonyea katikati, na mundu mdogo niliouazima kwa Bi. Mwalimu. Nikasema, "Ugonjwa huu Tanzania tunauita selimundu, Kenya siko seli, Kongo SS. Ni mmoja." Nikaona vichwa vya Wakongo vikiinuka. Nikaeleza kwamba chembe nzima ya damu ni kama lile andazi, laini, hujikunja ikapita kwenye mshipa mwembamba. Iliyopinda kama mundu hunasa, hujazana, na pale zinaponasa ndipo maumivu yanapoanza. Mtoto huupata akirithi kinasaba kwa baba na kwa mama, wote wawili. Wazazi wakiwa kila mmoja anabeba kimoja, wao wenyewe wazima, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Haukuletwa na jicho la mtu wala na dhambi ya mama.

Kisha nikawaambia kwa nini ni sisi. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikuja na msafara wa Oxford mwaka 1949 akapima damu za watu huko. Akaona pwani na kando ya Ziwa Victoria wanaobeba kinasaba hicho ni wengi, nyanda za juu ni wachache mno. Pwani na ziwani ndiko kwenye mbu. Mwaka 1954 akachapisha kwamba anayebeba kinasaba kimoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Yaani kile kile kilichowakinga babu zetu Mombasa, Tanga na Kisumu, kikirithiwa mara mbili ndicho kinachowaumiza wajukuu. Ukumbi ulitulia kabisa hapo. Nilihisi jambo ambalo kwenye midahalo ya Tanga sikuwahi kulihisi: nilihisi watu wanafikiri.

Nikataja habari za mpwa wangu kwa maneno yake mwenyewe, netiboli na yote. Nikawaambia nimetoa damu mara tatu, nikawaeleza kiti, kidole, juisi na biskuti. Nikamaliza: "Kila mfuko ni mtu." Nikakaa. Dakika kumi na mbili na nusu.

Maswali yalichukua nusu saa. Lile la malaria nililijibu kabla halijaulizwa. Ndugu mmoja wa Kongo akasimama kwa uchungu, akasema yeye aliwahi kukataliwa miaka ya nyuma kwa sababu mke wake alikuwa amefika karibuni kutoka Afrika, na tangu hapo alijiapia kwamba damu yake hawaitaki. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo pia. Nikamwambia kweli lilikuwapo swali juu ya mwenza aliyetoka Afrika kusini mwa Sahara, lililomsimamisha mtu miezi mitatu, na kwamba Uingereza ililiondoa mwishoni mwa mwaka 2021. Hakuwa amejua. Kwa miaka miwili alikuwa amekasirikia mlango uliokwisha funguliwa. Swali jingine, juu ya dawa fulani ya kisukari, sikulijua, nikasema sijui, waulizeni wenyewe kabla hamjaweka miadi. Ajabu ni kwamba safari hii neno "sijui" halikunipunguzia kitu.

Karatasi ya mlangoni ilipata majina kumi na moja. Naomba nisipambe: si wote waliotoa. Wawili walikuta wekundu wa damu uko chini, mmoja alikuwa amerudi nyumbani Krismasi ikabidi asubiri, wengine walipatwa na yale yanayotupata sote. Waliotoa ni sita. Mhasibu ndani yangu alipiga hesabu akasikitika. Mjomba ndani yangu hakusikitika.

Yule mama wa swali la malaria nilimkuta New Street Februari iliyofuata, amekaa kwenye viti vya kusubiri na koti lake zito. Nikamwamkia, nikamuuliza kama tayari wamemwita. "Mimi wamenikataa, mwanangu," akasema. "Anayeanza kutoa mwisho wake miaka sitini na mitano, mimi nimeshapita. Ila nimewaleta hawa." Akaonyesha kwa kidevu: wanawe wawili, wanaume wazima, wamelala kwenye viti wanatazama dari.

Mwaka huu kamati imemwomba mpwa wangu aseme yeye mwenyewe. Amekubali kwa sharti kwamba mimi nisikae mbele. Juzi nilimsikia chumbani kwake anajisemea, saa iko mezani, dakika kumi na tano. Nimemwambia bado ndefu.

Wasalaam, na tukutane Desemba.